Siku Mdogo Wangu Alipofaulu

Katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, Lubumbashi, tulikaguliwa kila kitu. Mwanamke wa huduma za jamii alipita nyumba kwa nyumba akifunua masufuria na kupapasa vitanda, na mwenye nyumba safi alipewa kitenge mbele ya wenzake. Kwa hiyo akina mama walijua kazi yao. Shuka moja jeupe liliweza kutandikwa katika nyumba tatu asubuhi moja, likipitishwa uani kabla mkaguzi hajafika. Hatukuona kuwa ni udanganyifu. Ilikuwa heshima, na mama yangu alikuwa bingwa wa heshima hiyo.

Ndiyo maana, walipokuja watafiti wa ubongo wa watoto, alijitayarisha vilevile.

Walikuwa wawili: daktari wa kike, Mzungu, na msaidizi wake, kijana wa chuo kikuu asiyevua abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, hata jua likiwaka. Walisema wanachunguza kwa nini watoto wengine hukua mwili huku akili ikibaki nyuma, na maisha yao huwaje baadaye. Waliweka meza katika jumba la mikutano, wakawa wanaita watoto mmoja mmoja.

Mdogo wangu alikuwa mtoto wa namna hiyo hasa. Mama alimzaa kwa uchungu mrefu, akatoka wa buluu, bila kilio. Alichelewa mno kutembea. Katika umri ambao mimi nilikuwa nasonga bukari, ugali wa kwetu, yeye alijua maneno machache tu: mama, maji, na nusu ya jina langu. Nilimpenda kiasi cha kumchukia kila mtu aliyemtazama mara mbili.

Jirani yetu, ambaye mtoto wake alikuwa ameshapimwa, aliingia jikoni na habari, kama ambavyo angetuletea shuka.

"Banamupatia bipande ya miti ya rouge," alisema. "Anapandisha moya juu ya ingine. Kisha banasema: nipe ile kubwa, nipe ile kidogo. Njo ile tu."

"Njo ile tu?" Mama akacheka. "Basi mutoto wangu atapita."

Baba alikuwa seremala katika karakana ya kampuni. Alikata vipande kutoka kwenye mabaki ya mbao, akavipaka rangi nyekundu ya mitambo. Kila siku, akishamaliza kufagia, mama alikaa chini na mdogo wangu. Kipande juu ya kipande, karanga moja mdomoni. Kikubwa, karanga. Kidogo, karanga. Akikosea, mama alianza upya bila kumpiga, kwa subira ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote.

Siku ya kupimwa alivikwa gauni la mtoto wa jirani. Alijenga mnara bila kusita. Akatoa kikubwa, akatoa kidogo, kisha akafungua kiganja. Daktari, akidhani anasalimiwa, akamshika mkono na kutabasamu.

"Citoyenne, mutoto yako iko bien," msaidizi akamwambia mama, akimwita mwananchi kwa Kifaransa kama serikali ilivyotaka. "Anachelewa kidogo kusema, lakini akili iko."

Mama alirudi akiimba njia nzima.

Mvua zilipoanza ndipo tukajua walichokuwa wanatafuta. Watoto walioshindwa walifunguliwa darasa mjini, kwa masista, wafundishwe kusema, kuoga wenyewe, kushona, na daktari awafuatilie hadi utu uzima. Basi lilikuja kuwachukua asubuhi. Mama alilitazama likiondoka, kisha akamfunga mdogo wangu mgongoni, mtoto mkubwa vile, akaenda kwa watafiti. Nilimfuata.

"Patron, mulikosa," alimwambia msaidizi. "Huyu hajue kitu. Mi njo nilimufundisha. Mumupime tena."

Kijana alisitasita, kisha akaweka vipande mezani. Mama akapiga magoti sakafuni.

"Acha, mama," alimwambia mwanawe. "Usijenge. Leo usijenge."

Mdogo wangu aliyaona machozi ya mama, akataka kumfurahisha. Alijenga mnara ulionyooka kuliko ule wa kwanza, akafungua kiganja.

"Citoyenne," kijana akasema taratibu, "si unajionea? Batoto ba ile classe habawezi vile. Na nafasi haiko tena."

Sijui nimlaani nani, na nimejaribu wote. Watafiti walikuja kutafuta ukweli katika kambi ambako tulifunzwa kuuficha. Mama alifanya alichofunzwa. Kusema hivyo hakunisaidii kitu. Mdogo wangu ana mvi sasa na hajui kujifunga kamba za gauni. Kampuni ilififia, posho ikakatika, baba akafa, na mama akaendelea kumwogesha mpaka yeye mwenyewe akahitaji kuogeshwa.

Siku ya mazishi ya mama, sebule ilijaa watu waliovaa vizuri. Mdogo wangu aliwatazama, akaenda kuleta vipande vyake, rangi imeshabanduka. Alijenga mnara wake kando ya jeneza, akafungua kiganja. Wageni wakanong'ona kwamba, maskini, haelewi. Alikaa hivyo hadi walipokuja kumchukua mama, mkono wazi, macho kwenye jeneza. Nami sikuwa na karanga.