Maharagi Yenye Majivu

Siku ile ya maharagi, ndani ya nyumba ya shangazi, juu ya kilima cha Karuba, tulikuwa hivi: papa na mama; mimi binti yao wa kwanza, na mudogo wangu mugongoni kwangu; shangazi, ndiye dada mukubwa wa papa; na muzee mukubwa wa kilima, aliyekuwa anagawia watu mashamba. Majina yao yote ninayo, hata la mbuzi aliyefungwa mulangoni. Siyaandiki, maana wajukuu wao na wangu wangali wanachota maji kisima kimoja.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji. Papa alikuwa anafanya kazi ya mugodi upande wa Walikale. Shimo lao likafungwa, wakamuondoa. Na ukiondolewa kazi, nyumba ya kambi na posho navyo vinaondoka. Tukatembea mupaka kwetu Masisi, mama amebeba kichwani kitunga cha maharagi ya mbegu. Mbegu ya kwetu inachanganywa na majivu, wadudu wasiiguse. Na haipikwi. Muntu analala njaa pembeni yake.

Tulipofika, shangazi akapiga vigelegele: "Mudogo wangu, Walikale imekunenepesha! Umetuletea nini?"

Papa akacheka. "Niko kwa konje tu, mapumziko ya kazi. Nitarudia kazi."

Mama akamuangalia, akatua kitunga chini.

Kwa neno lile papa alijifunga mwenyewe. Kwetu, aliyeacha kilima anapashwa kuketi mbele ya muzee, aseme wazi kwamba amerudi. Hapo njo anapewa mahali pa kulima. Muntu wa konje ataomba shamba la nini? Tena muntu wa konje anapashwa kukaribisha watu. Wakaja kila mangaribi, wakaketi, wakauliza chumvi na vitambaa. Chakula hakikuwa. Mama akafungua kitunga.

"Papa, hii konje yako inakula mbegu," akamwambia jikoni.

"Nyamaza, mama. Bado kidogo."

Bado kidogo nini? Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya malisho, meusi, hayatoki. Majirani walikuwa wamekwisha kulima. Saa ile ambayo kengele ya mugodi ilikuwa inalia, papa alisimama uani kila asubui, anasikiliza, na huku kwetu hakuna kengele. Mimi nilikuwa ninaingiza mukono ndani ya kitunga kwa kificho. Kila mara ulishuka chini zaidi.

Halafu muzee mwenyewe akaja kusalimia. Mama akapika, akaweka sahani mbele yake. Muzee akatafuna, akaacha kutafuna. Akatoa haragi moja mudomoni, akalisugua kwa kidole, akaangalia ule weusi.

"Mama," akauliza polepole, "nani anakufa katika nyumba hii?"

Akatuonyesha kile kidole.

"Hii ni mbegu. Wenye kula mbegu hawangojei kesho."

Shangazi akageukia papa: "Mudogo wangu?"

"Kazi hakuna tena," papa akasema, macho chini. "Walinifukuza. Nilipata haya, Muzee."

"Haya haioti," muzee akajibu. "Udongo muzuri nimekwisha kugawa. Imebakia kule kwenye mutelemko, kunakoporomoka. Uende na jembe sasa hivi, mbele mvua haijaanza."

Tukaenda wote. Matone ya kwanza yalikuwa mazito, na chini ya miguu yangu niliona ufa katika udongo, ninaweza kuingiza kiganja. Sikusema. Mama alipanda mupaka kitunga kikawa majivu matupu, na nusu ya shamba ilikuwa bado. Papa hakuacha kulima. Alilima mistari ile mitupu mupaka chini, kama anayetafuta kitu, na juu yetu kilima kilikuwa kinatoa maji.

Neno moja silijui vizuri. Ninasema mama aliacha majivu ndani ya sahani ya muzee kwa kusudi, maana sijamuona hata siku moja akipika bila kuosha. Pengine alisahau, kwa sababu ya uchovu. Kama shangazi alimuambia muntu wa nyumba yake jinsi ilivyokuwa, aje anikosoe.