Taa Iliyooshwa kwa Sabuni

Juzi, uani mwa msikiti wetu hapa Manundu, Korogwe, taa za nje zilikuwa zikiwashwa tu, swichi kuu inajizima. Kesho yake tulikuwa na Maulidi. Binti mmoja fundi umeme akazitenga taa zote, akapima nyaya kwa kipimo chake, akazikuta salama. Kisha akaunganisha taa moja moja huku akipima, mpaka namba ya kipimo ikaporomoka kwenye taa ya mlango wa wanawake. Taa hiyo aliitundika marehemu mume wangu, Mungu amrehemu.

"Umeme unavuja hapa," alisema fundi.

"Basi ikate," akaamua mzee mmoja.

"Ili sisi wanawake tupite gizani, mzee?" nikamuuliza.

Fundi akaomba aifungue kwanza. Maji yakamwagikia kiatu chake. Akayanusa. "Mvua ya Korogwe siku hizi ina sabuni?"

Tukamgeukia bibi anayefagia ua. Akaisogeza ndoo yake nyuma kwa mguu. "Naiosha kila Ijumaa. Marehemu hakupenda uchafu."

"Samahani bibi, taa hufutwa kwa kitambaa kikavu. Haiogeshwi."

Fundi akaikausha, akaianika juani, akaifunga kwa mpira mpya wa kuzuia maji, akapima tena. Namba ikapanda, taa ikawaka na swichi ikatulia.

Naamini Mungu aliipokea ile sabuni, ingawa umeme uliikataa. Tangu mazishi sikuwa nimecheka pale uani. Siku hiyo nilicheka hadi machozi, maana bibi alimvuta fundi kando akamnong'oneza: "Na feni za ndani, mwanangu? Nazo niache?"