Mwalimu wa Fomu na Mkono wa Fundi Kanzu

Wiki iliyopita alifariki mtu ambaye wasomaji wengi wa safu hii hawakumjua, na hata mimi sithubutu kusema nilimjua sana. Habari ilinifikia ofisini kwa mdomo wa mhudumu wetu wa chai, ambaye naye ni mpangaji katika nyumba ileile ya Buguruni alimokuwa akiishi marehemu. “Yule mzee wako, mwalimu, katutoka alfajiri,” aliniambia. “Presha.” Nilimshukuru, nikanywa chai yangu, nikamaliza ukurasa niliokuwa nikiuandika. Sikulia, na sioni sababu ya kusingizia kwamba nililia. Marehemu hakuwa ndugu yangu wala rafiki yangu. Alinifundisha jiografia, na zaidi ya hapo alikuwa mwalimu wa fomu, na ni hizo fomu zilizonifanya nimkumbuke wiki nzima. Tulikwenda kumzika watu wachache, wengi kwa miguu, kwa kuwa petroli iliyopatikana ilitosha gari la jeneza tu.

Kwa asiyejua, kila mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza fomu ya kuchagua atakachosoma akifika kidato cha tano, mchepuo wa sayansi au wa sanaa, na shule ambazo angependa kupelekwa, na kazi tatu ambazo angependa kuja kuzifanya. Chini kabisa mzazi huandika maoni yake na kuweka sahihi. Ni karatasi moja tu, na maisha ya mtu yamo humo. Shule nyingi huzigawa asubuhi na kuzikusanya mchana. Katika shule yetu ya kutwa hapa mjini zilichukua mwezi mzima, kwa sababu marehemu hakumpa mtu fomu mpaka kwanza ampeleke Kariakoo. Jumamosi ulikwenda kukaa na mtu anayefanya kazi unayodai kuipenda, tangu asubuhi hadi adhuhuri, na Jumatatu ulisimama mbele ya meza yake ujibu swali moja: “Inachosha wapi?” Utamu wa kazi hakutaka kuusikia. Utamu, alisema, kila mtu anausimulia. Anayejua kazi inachosha wapi na bado anaitaka, huyo mpe kalamu ajaze.

Mimi nilitaka udaktari, maana yake mama yangu ndiye aliyeutaka. Nilikaa zahanati asubuhi nzima, na Jumatatu nikajibu kwamba kazi ile inachosha kwa sababu wagonjwa ni wengi. “Wagonjwa ndiyo kazi yenyewe,” akasema. “Rudi.” Nilirudi Jumamosi tatu. Ile ya tatu nilijikuta simtazami daktari hata kidogo. Nilikuwa nimebanana na karani wa dirishani, nikisikiliza jinsi kila mgonjwa anavyoeleza maumivu yaleyale kwa maneno yake: mmoja mgongo unawaka, mwingine unavuta, mwingine una mtu ndani anagonga. Nilimsimulia hayo marehemu. “Wewe udaktari huutaki,” akasema. “Unataka maneno yao.” Nikajaza sanaa. Mama hakusema nami siku mbili, akidhani sanaa ni ngoma, wala hakuwa peke yake. Mwaka uleule mzazi mmoja alifika shuleni na bakora yake kuuliza kwa nini mwanawe, kijana mwenye akili timamu, anapelekwa kusomea lelemama.

Jambo jingine lilihitaji moyo. Kwenye nafasi ya kazi wengi wetu tuliandika, “Kazi yoyote nitakayopangiwa na Taifa,” mara tatu, mstari baada ya mstari. Tuliona hilo ndilo jibu la mwananchi mwema, na tulilimaanisha. Yeye alizirudisha fomu zote. “Taifa si kazi, ndugu zangu. Taifa ni mwajiri. Ukimpelekea mwajiri mtu asiyejua anachokiweza, umemsaidia nini?” Mwalimu mwenzake alimwonya mbele yetu kwamba maneno hayo yatasikika vibaya huko nje. Akajibu yasikike tu, almuradi yasikike yote. Sitasema alikuwa shujaa. Alikuwa mkaidi, tena mchoshi, na alikuwa na tabia ya kutusahihisha Kiswahili sisi watoto wa pwani ilhali yeye ametoka Masasi akiwa mtu mzima.

Sasa nije kwa binti mmoja tuliyesoma naye. Kabla ya shule tulisoma pamoja Kurani kwa maalimu mmoja nyuma ya soko, tukipokezana ubao. Baba yake alikuwa fundi wa kushona kanzu, mtu mpole, mzaliwa wa Kariakoo, aliyesoma na kuandika vizuri sana, ila kwa herufi za Kiarabu tu. Za Kizungu hakupata kufundishwa. Binti mwenyewe hesabu zilikuwa kama chakula kwake. Jumamosi zake alizipeleka kwa mafundi wa bomba, akarudi na jibu kwamba kazi ya maji inachosha pale ambapo wa juu wanafungulia, wa chini wanakosa, na wote wawili wanakulaumu wewe. Marehemu akampa kalamu siku hiyohiyo, naye akaandika sayansi, kisha uhandisi wa maji. Kikwazo kilikuwa nyumbani. Shule ya wasichana yenye mchepuo huo ilikuwa bara, safari ya siku mbili kwa basi, na baba yake mkubwa alikuwa amekwisha kumposea mwanawe. Katika nyumba ile neno la kaka mkubwa halirudishwi. Bila ridhaa ya baba fomu haiendi, na fomu isipokwenda, kinachofuata ni harusi.

Nilikuwa kiranja, na kazi yangu ilikuwa kukusanya fomu na kuzipeleka mezani kwa marehemu. Ya yule binti ilirudi siku ya mwisho. Penye maoni ya mzazi palikuwa na mstari mmoja wa herufi za Kiarabu, umenyooka kama mshono. Niliusoma huku natembea: “Mimi babaye sikuridhia.” Nikainua macho. Binti alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, naye alikuwa amekwisha kuusoma kabla yangu. Hakuniomba kitu. Marehemu alikuwa Mkristo wa kusini, na herufi zile kwake zilikuwa nakshi tu. Aliishika fomu, akaigeuza huku na huku. “Mzee wako ana mkono mzuri,” akamwambia. “Ndiyo ameridhia hapa?” Binti akasema, “Ndiyo, Mwalimu.” Akanigeukia mimi. “Ndiyo, Mwalimu,” nikasema. Siku mbili baadaye fomu ikapigwa muhuri. Miezi ikapita, jina lake likatoka, akapanda basi kwenda bara. Leo ni mhandisi wa maji katika mkoa mmoja wa kati, na viko vijiji vya ujamaa vinavyokunywa maji safi kwa sababu yake.

Miaka miwili iliyopita nilikutana na marehemu Posta, kwenye foleni ya basi iliyokuwa ndefu kiasi cha watu kumaliza kusimuliana maisha. Nikaona nitue mzigo. Nikamwambia kwamba siku ile tulimdanganya. Akacheka mpaka watu wakageuka. “Mlidhani mimi mjinga? Nilimpelekea muuza kahawa pale Mnazi Mmoja, akanisomea. Kesho yake mchana nikaenda kwa fundi.” Na hapo foleni ikiwa haisogei, akanisimulia. Alimkuta fundi barazani na kanzu mapajani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Karibu uketi.”

Marehemu akaifungua fomu. “Mzee, hapa umekataa.”

“Nimekataa.”

“Basi mimi siwezi kuipeleka.”

Fundi akatunga uzi kwanza. “Mwalimu, huko serikalini inakokwenda hiyo karatasi, nani anasoma herufi zangu?”

“Sidhani kama yupo.”

“Hata mimi sidhani. Kaka yangu akiniuliza, nitaapa kwamba nimekataa kwa mkono wangu, wala sitakuwa nimeapa uongo. Serikali ikimchukua mtoto, serikali ni kubwa kuliko mimi na kuliko yeye.”

“Lakini binti yako anazisoma.”

“Anazisoma vizuri sana. Nilisema moyoni, akiipeleka shuleni na neno hilo limo, basi masomo anayataka kweli. Ameipeleka?”

“Si hii mkononi mwangu.”

“Basi,” akasema fundi, akarudi kwenye kanzu yake. Marehemu alipokuwa anavaa viatu akaongeza, “Asijue, Mwalimu. Huyu mtoto hajui kuficha neno.”

Marehemu aliamini kwamba baada ya miaka yote ile baba na binti walikwisha kuambiana na kucheka. Mimi nilijua hawajaambiana, kwa sababu kila barua niliyopata kutoka kwa yule binti ilikuwa na sentensi moja ya kunikumbusha nisimwambie mtu. Na hapa ndipo penye aibu yangu. Fundi alikuwa hai bado, macho yamepungua lakini anakaa barazani kila siku, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Nilijiambia kwamba jambo kama hili haliandikwi kwenye barua, nitamwambia tukionana. Binti akaja likizo, akaondoka, hatukuonana. Mwaka jana fundi akafa. Binti akaja matangani, nikampa mkono wa pole, nikaona si wakati wake. Nina ustadi mkubwa wa kuona kwamba si wakati wake.

Juzi, baada ya kumzika mwalimu, nilikaa na yule binti, aliyekuja mazikoni, kwenye jamvi uani kwa marehemu, nikamweleza yote tangu muuza kahawa hadi viatu. Hakulia. Alitaka nirudie tu pale baba yake alipouliza kama fomu imepelekwa. Nikarudia.

“Nilipokuwa nakuja likizo sikukaa naye barazani hata robo saa,” akasema. “Niliogopa ataniuliza. Ananiambia, kaa mwanangu tuzungumze, namwambia nina haraka baba, nakwenda kumwamkia shangazi. Nilikuwa najiona mwizi, kaka. Miaka yote hiyo.” Kisha akanitazama. “Wewe ulijua lini?”

Nikamwambia lini. Akahesabu kwa vidole.

“Basi ilikuwa imebaki likizo moja,” akasema.

Naumia, na nastahili kuumia. Wahenga wamesema radhi ni bora kuliko mali, na hapa mjini hakuna asiyeujua msemo huo. Ila nadhani tunausema kwa haraka. Fundi alitoa radhi yake kwa akili nyingi, na akaitoa kwa njia ambayo mwanawe hakuweza kuipokea. Marehemu alikuwa hodari wa kumwonyesha mtoto kazi na kumwonyesha ugumu wake, akamvusha binti yule mahali ambapo wengine wangemwacha. Lakini alidhani kazi yake imekwisha muhuri ulipopigwa. Mtoto aliyechagua bila kujua kama nyumbani wameridhika anaweza kufaulu vizuri sana, akapata cheo na sifa, na asiweze kukaa na baba yake robo saa.

Fomu za mwaka huu zimekwisha kufika mashuleni. Wazazi wataitwa, walimu watashauri, vijana watabishana sayansi na sanaa mpaka usiku wa manane. Mashauri yote hayo ni mema, na wanaoyajua kuliko mimi wapo. Langu ni dogo. Ukimkatalia mtoto, mkatalie usoni ajue anashindana na nini. Ukimridhia, mridhie usoni vilevile, hata kama kuna kaka mkubwa wa kuogopwa. Na ikiwa ridhaa ya mwingine imepitia kwako, kama ilivyopitia kwangu, usikae nayo ukingojea siku nzuri. Mimi nilingojea, na mwenyewe akaja kuipokea kwenye jamvi la msiba, baba yake akiwa hayupo tena wa kumwambia asante.