Ramani ya Chokaa Uwanjani

Siku ile naikumbuka kwa chokaa, mwanangu, maana nilirudi nyumbani viatu vyeupe pepepe na moyo umejaa majivuno. Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzoni mwanzoni, nami nilikuwa mwalimu mpya wa jiografia katika shule moja ya sekondari pale Voi. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, na hakuna mtu angeniambia kitu. Nawe nimesikia umepewa darasa la kufundisha mwaka huu, ndiyo maana nimekuita ukae. Usiangalie saa. Chai ipo.

Somo lilikuwa idadi ya watu na uhamaji. Kitabu kilieleza kwa nini watu hubanana mahali pamoja wakaacha pengine patupu, na kwa nini mtu hufunga mizigo akaenda kuishi mbali. Vijana wa kidato cha pili walikuwa wakisinzia. Basi nikachora ramani ya Kenya kwa chokaa kwenye uwanja wa mpira, goli moja upande wa ziwa, lingine upande wa bahari, nikamwambia kila mmoja asimame kwao. Wazo lilikuwa zuri, hata leo silikani. Watoto wa milimani, wa Ronge na Wundanyi na Mgange, walibanana mahali padogo wakikanyagana vidole, huku kaskazini yote haina hata mtu mmoja. Wakauelewa msongamano wa watu bila mimi kufungua mdomo.

Nafula akasimama Voi. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, wa kwanza darasani kwa hesabu. Baba yake alikuwa mkata mkonge katika shamba kubwa nje ya mji, na katika darasa lile yeye peke yake ndiye aliyetoka kambi ya mkonge. Wafanyakazi wengi wa kule walikuwa wametoka magharibi ya Kenya, upande wa Bungoma, kama walivyokuwa wafanyakazi wa reli. Mimi nilihitaji mfano wa uhamaji, na mfano wangu ulikuwa umesimama mahali nisipoutaka.

"Nafula, wewe si wa hapa. Nenda kwenu Bungoma."

"Mwalimu, kwetu ni hapa. Bungoma sijawahi kufika."

"Nimesema kwenu, sijasema unakolala. Nenda!"

Akautembea uwanja mzima peke yake mpaka karibu na lile goli la upande wa ziwa. Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kidogo tu, halafu nikachora mshale mrefu kutoka miguuni pake hadi Voi na kuwaeleza kuhusu kazi inayovuta watu na umaskini unaowasukuma. Kengele ikalia tukaenda kula.

Kesho yake wakaanza kumwita Bungoma. Wiki iliyofuata hakuja shule. Nilidhani ni malaria, na sikujisumbua kuuliza. Wiki ya pili msichana mmoja akaniambia Nafula anahama, sanduku lake limeshafungwa. Hapo ndipo nilipoazima baiskeli, Jumamosi asubuhi, nikaenda kambini.

Baba yake, Mzee Wekesa, nilimkuta mbele ya chumba chao akijitoa miiba ya mkonge kiganjani kwa pini. Aliponiona akasimama wima, akanipa kigoda pekee kilichokuwepo, yeye akabaki amesimama. Heri angenitukana. Mlangoni palikuwa na sanduku la bati, limezungushiwa kamba.

"Karibu, mwalimu. Sisi tumetii," akasema.

"Mmetii nini, Baba Nafula?"

"Amri. Mtoto alisema mmewapanga watu uwanjani, kila mtu na kwao, na yeye amepelekwa Bungoma. Nikajua serikali imeanza kurudisha watu makwao. Wewe ni mtu wa serikali, huwezi kusema jambo kama hilo bure. Nikaona heri atangulie kwa ndugu yangu kabla hatujaletewa lori."

Fikiria, mwanangu. Mtu mzima, mvi kichwani, amefunga sanduku la mtoto wake kwa sababu ya somo langu la dakika arobaini! Nikamuuliza kama huko kwa ndugu yake kuna sekondari.

"Karibu hakuna. Ndugu yangu anasema atamtafutia mume," akajibu, akiangalia kiganja chake.

Nikaanza kueleza. Nikasema hakuna amri, hakuna lori, lile lilikuwa somo tu, mchezo wa kuwaamsha watoto. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia nimfuate. Nyuma ya kambi, pale mistari ya mkonge inapokoma, palikuwa na makaburi. Mawili yalikuwa madogo, yamezungushiwa mawe na kufagiliwa vizuri.

"Hawa ni wadogo zake Nafula. Surua, wote wawili, mwaka mmoja," akasema. "Kama ni mchezo, sawa. Lakini hawa nao ungewasimamisha wapi?"

Haya ilinishika mpaka machozi yakanitoka, na sioni sababu ya kukuficha. Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa.

"Mimi usiniombe, mwalimu. Yeye hukumnong'oneza sikioni. Ulimwambia mbele ya watu."

Akakubali Nafula aje Jumatatu asikilize tu. Sanduku, akasema, halitafunguliwa kwanza. Hedimasta naye aliposikia ninachotaka kufanya akanionya kwamba mwalimu haombi radhi kwa mwanafunzi, nitamharibia shule. Sikumsikiliza. Nilisimama mbele ya darasa, nikasema nilikosea: kwao Nafula ni hapa, na sikuwa na haki ya kumwondoa hata kwa mchezo. Nikasema waliomcheka wakome, na kwamba aliyeanza ni mimi.

Nafula akasimama. Hakuwa na hasira usoni.

"Mwalimu, na akija mwingine wa serikali mwenye kalamu akaniambia hivyo hivyo, utakuwepo?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia sijui. Akanitazama, akafikiri, akaketi na kufungua daftari lake.

Alimaliza kidato cha nne, alipita vizuri, hata jiografia. Lakini katika somo langu hakuinua mkono tena mpaka siku ya mwisho. Kunisamehe alinisamehe, nadhani. Kuniamini ni jambo lingine, na sikulipata.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Fundisha mishale yako, watoto wanaihitaji. Wafundishe watu wanatoka wapi, wanakwenda wapi na kwa nini. Ila usimwambie mtu kwao ni wapi. Muulize, umwache amalize kujibu, na akishajibu uandike alichosema yeye. Neno lako likitoka darasani hulioni linakoingia. Nyumbani kwa watu huweza kufika likiwa amri. Na siku ukikosea, maana utakosea, kuomba radhi hatufundishwi chuoni, kwa hiyo nakufundisha mimi: iombe pale pale ulipokosea, kwa sauti ile ile.

Haya, nenda, usije ukachelewa. Mungu akupe wanafunzi wa kukubishia, na akupe masikio ya kuwasikia mara ya kwanza.