Jumapili Iliyoangukia Jumamosi

Stamili ana ugonjwa wa kuuliza. Si umbea, umbea naujua, nimezaliwa Chiwata na ningeutambua hata gizani. Mmbea huuliza ili apate la kusimulia. Stamili huuliza ili apate usingizi. Swali likimwingia, atafika mlangoni kwako asubuhi hujanawa uso, atakupa shikamoo yake upesi, na kabla hujamaliza kuitikia atasema, "Mama Witness, kwani Mungu alipopumzika ile siku ya saba, alikuwa amechoka?" Na mimi hapo hata chai sijanywa.

Ukitaka kumwelewa, anza na nyumba aliyokulia. Baba yake alikuwa Myao, Mwislamu wa swala tano. Mama yake mjukuu wa watu wa misheni, Mwanglikana wa kufa na kuzikwa. Ijumaa adhuhuri baba aliweka jembe chini. Jumapili asubuhi mama naye akaliweka. Mtoto Stamili alipumzika na huyu, akapumzika na yule, akidhani ndivyo ilivyo duniani kote. Alipopata usichana akaenda Lisekese kulea mtoto kwa familia ya Wasabato. Huko ikawa Ijumaa kabla jua halijazama ndoo zote zimejaa, chakula kimepikwa, nguo zimeanuliwa, na Jumamosi hakuna kugusa kazi. Akarudi Chiwata, akashika njia ya mama yake, akaolewa kanisani, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja na mikorosho ya marehemu. Hilo swali la siku halikumwacha. Mungu mmoja, siku tatu. Nani anakosea? Na huyo anayekosea, Mungu humngoja hadi siku iliyo sahihi, au humfuata kwenye ile ya makosa?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea maswali, lakini ya watoto yana mwisho kengele ikilia.

Kanisani kwetu kuna desturi ya tangu enzi za babu zetu. Atakayefanya kazi ya shamba Jumapili hukaa benchi la nyuma na hapokei sakramenti mpaka arudishwe. Mwaka mzima desturi hiyo haimsumbui mtu. Taabu ni msimu wa korosho. Korosho haina Jumapili. Hudondoka inapotaka, na mvua ikiikuta chini au jamvini imekwisha. Mwaka huu, Jumapili moja, wingu zito lilitanda juu ya uwanda wa Makonde tangu alfajiri, na kanisa likawa nusu tupu. Sikuwapo. Nilikuwa Newala kwa dada yangu, na wapo mashahidi.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Stefano, katekista wetu, aliwauliza waliokosekana walikuwa wapi. Kila mmoja alikuwa ameugua. Huyu tumbo, yule homa, yule kiuno. Ungedhani tauni imepita. Anderson, mzee wa kanisa, mtu mzima na mvi zake, aliugua jino. Zamu ya Stamili ilipofika, akasema, "Nilikuwa naanua korosho, Mwalimu."

Laiti angekomea hapo. Lakini swali lilikuwa limeshamkaba. Akauliza kwa heshima zote ni nani aliyetuamuru Jumapili, maana amri aliyofundishwa utotoni inataja siku ya saba na sisi tunapumzika ya kwanza. Mwalimu akajibu kwamba Jumapili ndiyo siku aliyofufuka Bwana. Stamili akasema hiyo anaikubali kabisa, ni siku ya furaha. Anachoshangaa ni tangu lini furaha ikawa na benchi la adhabu. Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Akapelekwa nyuma mpaka Krismasi ipite, yeye peke yake kati ya wagonjwa wote wale.

Mwalimu Stefano si mtu mbaya. Ni mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na kazi ya kanisa ameifanya tangu ujana bila kudai shukrani. Ila ni mtu wa kunyoosha mstari, na mstari ukipinda hapati usingizi.

Kilichomuumiza Stamili hakikuwa benchi. Binti yake, Upendo, alikuwa katika darasa la kipaimara, na Askofu alitarajiwa kabla ya Krismasi. Kwetu, mtoto anapopokea sakramenti kwa mara ya kwanza, mama au baba hupiga magoti kando yake. Stamili alikuja kwangu akalia, na si mtu wa kulia. Alisema adhabu anaikubali, lakini baba hayupo, na mama yuko benchi la nyuma. Upendo atapiga magoti na nani? Nilikwenda kwa Mwalimu kumwombea. Akanisikiliza, akanikaribisha hata chai, kisha akasema akimlegezea mmoja, msimu mzima atakuwa anahubiria viti. Sikupenda jibu lake. Nikamaliza chai, nikaaga.

Sasa sikilizeni yaliyompata.

Shamba la Mwalimu liko juu mlimani, njia ya kupandia Kitangari, na msimu ukikolea hulala huko kibandani kulinda korosho zake. Siku moja kisiki kikamchoma mguu, ukavimba, akashindwa kuteremka. Akatuma salamu kwamba Jumapili Anderson aongoze ibada, yeye atasali hukohuko. Simu yake ya kitochi ilikuwa imekwisha chaji, na huko umeme wa kuchajia ni wa sola, tena sola ya watu.

Mtu aliye peke yake shambani atajuaje siku? Mwalimu ana njia yake, na ni ya miaka mingi. Jirani yake wa shamba ni Abdulazizi. Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri Abdulazizi huacha kikapu chini ya mti, hunawa, huvaa kanzu, hupita kwenda msikitini. Mwalimu akiiona kanzu ile hujua kesho ni Jumamosi na keshokutwa ni siku ya Bwana. Katekista wa Anglikana amehesabu Jumapili zake zote za msimu kwa Ijumaa ya Mwislamu, na haikuwahi kumtupa.

Wiki ile, Alhamisi, Abdulazizi alifiwa na baba yake mdogo huko Kitangari. Akavaa kanzu, akapita kwa mbali akipunga mkono, akaenda kuzika na kukaa matanga. Mwalimu naye, na mguu wake uliovimba, akapunga mkono, akasema moyoni, leo Ijumaa.

Kwa hiyo Jumamosi yetu sisi, Mwalimu aliamka mapema, akaoga maji ya dumu, akavaa shati lake jeupe, akasali ibada nzima peke yake kibandani, nyimbo na zote. Hakuokota hata korosho moja. Kesho yake, Jumapili yenyewe, akavaa suruali kuukuu akaingia kazini.

Ibada ilipokwisha, Mama Ethel, mkewe, alimpa Stamili hotpoti ya ugali na kisamvu ampelekee, kwa kuwa nyumba ya Stamili ndiyo ya mwisho kuelekea mlimani. Yeye na hasira yake wakapanda na hotpoti kichwani. Alimkuta Mwalimu amekaa chini, anajivuta kwa makalio kutoka mti hadi mti, mguu mmoja ameunyoosha, kikapu kimejaa, mabibo yamemzunguka, nzi wanamla, naye anaimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Upendo. Mbona umependeza hivyo? Kuna msiba?"

"Nimetoka kanisani."

"Kanisani kuna nini Jumatatu?"

Mtu mwingine angecheka mpaka Newala wamsikie. Mimi ningecheka. Stamili alitua hotpoti, akachuchumaa, akamweleza taratibu kwamba leo ni Jumapili. Mwalimu alibisha. Akamtaja Abdulazizi na kanzu yake. Stamili akamwambia kanzu ile ilikuwa ya kuzikia. Hapo Mwalimu akatazama mikono yake iliyojaa utomvu. Alikuwa ameshika korosho moja. Akaitupa, kisha akaiokota, kisha akabaki nayo tu kiganjani kama mtu asiyejua iwekwe wapi.

"Utasema?" akauliza.

"Sitatangaza. Lakini nikiulizwa nitasema, Mwalimu. Mimi kuugua sijui."

Mwalimu akainamisha kichwa. Mgeni wake angeondoka hapo mambo yangekuwa ya kawaida, lakini Stamili ni Stamili. Alimuuliza kama jana alipumzika kweli. Mwalimu akasema alipumzika. Akamuuliza kama alisali.

"Nilisali kuliko siku zote," Mwalimu akasema. "Hakukuwa na haja ya kutazama nani amekuja na nani hakuja."

"Basi Mungu alikuja jana, Mwalimu, au alikuwa anakungoja leo?"

Mwalimu akaivuta hotpoti, akaanza kuifungua. Stamili anaapa hakuwa anamkejeli, alitaka tu kujua, nami namwamini, kwa sababu jioni ileile aliniletea mimi swali hilohilo. Mama Ethel alipomuuliza amemkutaje mumewe, alimwambia amuulize mwenyewe akirudi, akaaga.

Nilimwambia Stamili waziwazi kwamba mkuki uko mkononi mwake. Aliyemkalisha nyuma ametenda lilelile. Aseme neno moja tu kwa Padre na atarudishwa kabla ya Askofu. Akatikisa kichwa. Alisema akifanya hivyo Upendo atapiga magoti kando ya mama aliyerudi mezani kwa kumkanyaga mtu mgongoni. Nilikasirika naye. Mpaka leo nadhani mimi ningesema, na ningelala vizuri tu.

Jumapili iliyofuata alikuja Padre Cuthbert kutoka Masasi, vumbi la pikipiki mpaka kwenye nyusi, kutazama maandalizi ya kipaimara. Mwalimu Stefano aliingia akichechemea na fimbo. Tukamtazama aende kwenye kiti chake cha mbele. Akageuka, akaelekea benchi la nyuma, akakaa kando ya Stamili. Padre akangoja. Nasi tukageuza shingo.

Mwalimu akasimama, na sauti yake ile kubwa haikuwapo. Akasema ameokota korosho Jumapili iliyopita, kikapu kizima. Akasimulia habari ya kanzu, na watu wakaanza kuziba midomo kwa khanga. Padre naye akatabasamu, akasema asiyejua siku hana kosa, Mwalimu arudi kitini. Mwalimu hakurudi.

"Padre, huyu mama sikumweka hapa kwa ajili ya korosho," akasema. "Wengi walikwenda shambani siku ile, nami nilijua. Nilimweka hapa kwa sababu aliniuliza, nami sikuwa na jibu."

Kisha Anderson akainuka, yule wa jino. Alitembea mpaka nyuma akitazama sakafu, akakaa. Akafuata Mama Gift, aliyekuwa na homa. Akafuata Filemoni wa tumbo. Benchi likajaa, wengine wakakaa chini, na mbele nikabaki mimi na wazee wawili watatu, nimesimama kama kigingi, kwa kosa la kwenda kumsalimia dada yangu Newala.

Padre hakuhubiri alichokuwa amekiandaa. Alisema yeye amesoma miaka yake, na hajaona mahali Bwana alipowaamuru wafuasi wake Jumapili kwa fimbo. Wapo Wakristo wema wanaoshika Jumamosi, na wapo wanaosema siku zote ni za Mungu. Anachokijua yeye ni kwamba watu wasiokutana hupoteana, na mtu asiyepumzika husahau kuwa yeye si punda. Kwa hiyo tuishike siku yetu, lakini tuishike kama watu walioalikwa. Sijui kama wakubwa wake wa Masasi wangeyapenda yote. Mimi niliyapenda. Kisha akaagiza benchi la nyuma lisogezwe mbele, na siku hizi wanaolikalia ni watoto wa kwaya.

Siku ya Askofu, Upendo alivaa gauni jeupe lililoshonwa na mama yake. Wakapiga magoti pamoja, bega kwa bega, mtoto ameshamzidi mama kimo. Nililia, tena kwa sauti, na sikujali nani ananitazama.

Tulipotoka, Mwalimu Stefano alikuwa amesimama mlangoni akiaga watu. Stamili akamfikia, akampa mkono, na badala ya kuaga akamwambia jibu la lile swali lake bado analingoja. Mwalimu hakushangaa. Nadhani naye lilikuwa limemnyima usingizi.

"Jumamosi alikuja, Mama Upendo," akasema. "Nilimsikia kabisa. Na Jumapili akakutuma wewe."

Stamili akamshika Upendo mkono, tukashuka njia ya nyumbani bila yeye kuuliza lolote, hata nikaanza kumhofia. Tulipofika kwenye kona ya kwangu akasimama.

"Mama Witness," akasema, "kwani na Abdulazizi kumtoa shambani siku ile ya Alhamisi, ni Yeye pia?"

Nikamwambia aingie ndani kwanza tunywe chai.