Hilkka Chini ya Gari la Bluu

Huku kijijini kwetu Ilmajoki, mtu akipeleka gari lake gereji kubadilishwa oili, majirani huanza kuuliza kama anaumwa. Tauno Rintamäki, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, hakuwahi kuulizwa. Gari lake la bluu lilikuwa limetembea kilomita laki nne na themanini elfu, na kila baada ya elfu kumi na tano alilala chini yake mwenyewe, akatoka na uso mweusi, akaandika kila alichofanya kwenye daftari kwa mwandiko wa karani. Halafu aliniletea daftari hilo nilisome. Miaka thelathini nimevumilia majivuno hayo, na wala sikuzawadiwa.

Majira ya baridi yaliyopita alipasuliwa mgongo, na daktari akamkataza kuinama. Binti yake Outi, anayeishi Helsinki, akapiga simu kusema ameona fleti nzuri mjini Seinäjoki, ghorofa ya nne, na kwamba nyumba ile sasa inawazidi nguvu wazazi wake.

"Inamzidi nani?" Tauno alifoka. "Sisi hapa kila kitu tunafanya wenyewe! Hata gari!"

"Sawa, baba. Nakuja Jumamosi. Nikikuta gari limefanyiwa huduma yake na mmeifanya wenyewe, fleti sitaitaja tena. Nisipokuta, mnasaini mkataba wa fleti."

Tauno akakubali papo hapo. Akakata simu, ndipo akakumbuka mgongo.

Kazi ikamwangukia mkewe. Hilkka ana miaka sitini na saba, mfupi, mikono mipana, na alifanya kazi kiwanda cha maziwa mpaka alipostaafu. Chini ya gari hakuwahi kufika, kwa sababu mumewe hakumruhusu hata kushika spana. Jumamosi asubuhi nilivuka barabara nikamkuta kwenye banda lao la gari, ndani ya ovaroli ya mumewe, mikono ya nguo imekunjwa mara nne. Gari limepanda juu ya stendi, magazeti yametandazwa sakafuni, na Tauno amekaa juu ya kiti cha jikoni na daftari lake mapajani.

"Kushoto, mama! Kushoto ndiyo kufungua!"

"Tauno, nimefungua mashine za maziwa miaka thelathini na moja. Unadhani zilikuwa zinafunguka kwa maombi?"

"Mashine ya maziwa siyo injini."

"Kweli. Haina mume pembeni. Ndiyo maana kazi ilikuwa inakwenda."

Nilicheka. Tauno akanigeukia. "Reino, umekuja kusaidia au kutuonyesha meno?"

"Nimekuja kuangalia."

"Basi angalia kimya."

Niliangalia kimya, mikono mfukoni, kama ilivyo desturi yetu: jirani husimama, na hagusi kitu mpaka aombwe. Na huku hakuna anayeomba. Hilkka alibadilisha plagi zote nne, akapachika kichujio kipya cha hewa, akaweka pedi mpya za breki mbele, akamwaga oili ya zamani ikashuka ndooni, nyeusi tititi. Kila alipomaliza kitu, Tauno aliandika kwenye daftari kwa uso wa mtu aliyekifanya yeye.

Ikabaki filta ya oili. Ni kitu mfano wa kopo, na mdomoni ina ringi ya mpira. Ukiitoa ya zamani, hakikisha ringi yake imetoka nayo, kwa maana mara nyingine huganda huko juu kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu ya ringi ya zamani, mpira juu ya mpira, haishiki. Oili itatafuta njia. Yeyote anayejitengenezea gari nyumbani anaujua mtego huo.

Filta ya zamani ilimponyoka Hilkka ikazama ndooni, oili ikamrukia usoni.

"Miwani imejaa oili, sioni kitu," alisema kutoka chini. "Chukua tochi, baba. Tazama kama ringi imetoka."

Tauno akainuka, akawasha tochi, akaanza kuinama. Alifika nusu. Nikaona uso wake ukigeuka rangi ya jivu, kisha akajinyoosha polepole, ameshikilia ubavu wa gari.

"Safi," alisema.

"Una hakika?"

"Mwenye macho haambiwi tazama."

Nami nilimwona hakufika chini. Ningeweza kuchuchumaa nikatazama mimi, dakika nzima isingekwisha. Lakini kumwambia mwanamume mbele ya mkewe kwamba hawezi kuinama, huku kwetu ni afadhali umtukane. Nikatumbukiza mikono mfukoni zaidi, Hilkka akafunga filta mpya na kujaza oili. Mpaka leo najilaumu.

Outi alifika saa nane mchana, koti la mjini, viatu vyeupe. Hakutaka hata kahawa kwanza. Akasoma daftari mstari kwa mstari, akaingia kwenye gari, akawasha. Injini ikaitika mara moja, sauti laini. Tauno akanipiga jicho. Kisha tukasikia kitu kinachuruzika.

"Zima!" Hilkka alipiga kelele. "Zima, Outi, zima!"

Lita nne za oili mpya zilikuwa sakafuni. Outi akafungua mlango, akashuka, akakanyaga katikati yake kwa vile viatu. Alimtazama mama yake kwa huruma, jinsi tunavyowatazama wagonjwa, na ile huruma ilikuwa mbaya kuliko matusi.

"Labda sikukaza vizuri," Hilkka alisema chini chini, akaanza kufungua vifungo vya ovaroli.

"Si yeye." Tauno alikuwa amesimama. "Ringi ya zamani imebaki huko juu. Aliniambia nitazame, nikasema safi, na sikutazama. Siwezi kuinama, Outi. Hata viatu hunifunga mama yako, tangu Februari."

Mficha uchi hazai, lakini Tauno alikuwa ameuficha wake hata kwangu, ninayeona dirisha lake la jikoni kila asubuhi. Sikuwa nimewahi kulisikia neno *siwezi* likitoka kinywani mwake. Likaniuma mimi.

"Nilimwona," nikasema. "Nilimwona hakuinama, nikanyamaza."

Hilkka akatutazama wote wawili. "Wanaume wawili wazima! Tochi moja! Na hakuna aliyeona!"

Outi alikuwa bado amesimama ndani ya oili. "Na hivi vingine? Plagi? Breki?"

"Vyote mama yako," Tauno akasema.

"Amejifunza lini?"

"Leo asubuhi."

Outi akavua koti, akalitundika kwenye msumari. Akavua viatu akavitupa pembeni. "Mama, nipe hiyo ovaroli. Nielekeze filta iko wapi."

Alikuwa amezama chini ya gari, miguu tu nje, mama yake amepiga magoti akimwonyesha, simu ilipolia mfukoni mwa koti. "Pokea, Reino," akasema. "Mikono yangu imechafuka." Nikapokea. Alikuwa dalali wa Seinäjoki, anauliza kama wazee wataweza kuja Jumanne kuiona fleti.

"Muulize kama kuna banda la gari," Outi akasema kutoka chini.

Nikamuuliza. Banda hakuna, akasema, ila kuna lifti mpya, na ukumbi ambamo wastaafu hucheza karata. Nikayafikisha yote kama yalivyo.

"Mwambie asante," sauti ikatoka chini ya injini. "Wazee wangu wana kazi."

Nikakata simu. Tauno akageukia ukutani, akaanza kupanga upya spana zilizokuwa zimeshapangwa.