Siku Mutindi Alipogoma Pamoja na Mama Mkwe

Kalunde alikuwa anasuka vyondo, vile vikapu vya katani, hapo Kathonzweni, Ukambani, mjane wa miaka sabini na ushei, mcheshi kiasi kwamba mchungaji hakupenda kumtazama wakati wa maombi asije akacheka. Mwaka wa 1984 mvua ya Aprili ilikosa na mahindi yakakauka yakiwa hayajafika gotini. Mwanawe alikuwa kazini Mombasa. Nyumbani alibaki na Mutindi, mkaza mwana wake, na wajukuu watatu.

Bila kumwambia mtu, Kalunde aliacha kula. Kila jioni alibeba uji wake hadi mlangoni kwake, akawagawia watoto, akarudisha bakuli tupu. Hakuwa na huzuni. Alijiona kama mgeni anayeondoka arusini mapema ili wengine wapate nafasi.

Siku ya sita, Kaluki, mjukuu wa mwisho, alimwambia mamake kwamba uji wa susu, yaani bibi yake, ndio mtamu zaidi. Mutindi aliacha kuni hapo hapo akaenda kwa mama mkwe.

"Mama, tangu lini hujala?"

"Nimekula miaka sabini, imetosha. Maisha ni yangu, nayatoa kwa hiari. Simlaumu mtu."

"Ni yako, sikatai. Lakini Kaluki akikua aambiwe alishiba kwa sababu susu alikufa njaa, atakaa vipi na hilo jambo?"

Kalunde hakuwa amefika huko. Alikuwa amefikiria matumbo yao tu.

Mutindi akaleta bakuli lake mwenyewe, akaliweka chini, akaketi. "Usipokula, mimi pia sili. Na unanijua."

Alimjua. Ni huyu aliyeketi mlangoni pa chifu siku mbili hadi mpaka wa shamba ukapimwa upya. Wakatazamana. Uji ukapoa, ukashika utando juu. Hatimaye kicheko kikamponyoka Kalunde, na machozi kidogo nyuma yake.

"Lete basi. Nikingoja zaidi, uji baridi ndio utaniua."

Wakanywa kwa zamu, bakuli moja.

Tangu hapo Mutindi alimketisha jikoni akamtazama hadi amalize. Novemba mvua ikanyesha, na Kalunde akapanda kunde kwa mikono yake. Aliishi miaka tisa zaidi, akamfundisha Kaluki kusuka, na karibu kila jioni akalalamika kwamba Mutindi hutia chumvi kidogo mno kwenye maharagwe.